Kupanga chipukizi wa vyuo kabla ya uteuzi wa NFL: tutangulize video, saa au mahitaji ya timu?

Mwanaraga wa Mamboleo (Kisumu)

Ndugu zangu, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limeligawanya kundi letu zima. Sisi ni marafiki saba hapa Kisumu, wengi wetu tulicheza raga shuleni, na kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukikesha pamoja kila Aprili kufuatilia uteuzi wa NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni. Raundi ya kwanza huanza Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani, na kwetu huwa imeshatimu saa tisa ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Mwenyeji hupika chai ya kutosha, na kila mmoja huja na orodha yake ya chipukizi 32 bora kutoka vyuoni, imeandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi ili asiwepo mtu wa kugeuza maneno alfajiri.

Kanuni yetu ni kwamba ambaye orodha yake imekaribia zaidi mfuatano halisi wa uteuzi ndiye mshindi. Mwaka 2025 nilimweka kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi) Shedeur Sanders katika nafasi ya tano. Nilikuwa nimetazama mechi zake nyingi akiwa chuo cha Colorado, nikaridhishwa na usahihi wa pasi zake na utulivu wake anapozingirwa. Raundi ya kwanza ikaisha, ya pili na ya tatu zikafuata, na jina lake halikutajwa. Alichaguliwa siku ya mwisho, chaguo la 144, tena na Cleveland Browns, timu ambayo tayari ilikuwa imemchukua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel, katika chaguo la 94. Makwotabeki watano walitangulia mbele yake. Mimi nikashika mkia katika kundi, na tangu hapo nimepoteza imani na macho yangu.

Mwenzetu mmoja hupanga wachezaji kwa muda wao wa mbio za yadi 40 na hasikii la mtu. Mwingine hutazama kwanza ni timu gani ina pengo gani, halafu huwajaza wachezaji kama mtu anayepanga viti ukumbini. Mimi hutegemea video. Maswali yangu ni haya: kipi kitangulie kati ya hivi vitatu, na mtu anawezaje kumlinganisha kwa haki mpokeaji wa pasi na mlinzi wa mstari wa mbele, ilhali kazi zao hazifanani hata kidogo?

Fowadi Mstaafu (Kakamega)

Ndugu Mwanaraga, usiyalaumu macho yako kabla hujaichunguza kanuni ya kundi lenu. Mnaandika orodha moja na kuitaka ijibu maswali mawili. La kwanza ni nani mchezaji bora, na la pili ni nani atachaguliwa lini. Swali la kwanza linamhusu kijana mwenyewe: miguu yake, mikono yake, akili yake uwanjani. La pili linahusu vyumba 32, kimoja kwa kila timu, vya watu ambao hatujawahi kuketi nao, wenye makocha wao, madaktari wao, bajeti zao na hofu zao. Mwaka huohuo wa 2025 Jacksonville Jaguars walipanda, kwa mapatano na timu nyingine, kutoka chaguo la tano hadi la pili ili wampate Travis Hunter, ambaye chuoni alicheza kama mpokeaji na pia kama mlinzi wa pembeni, yule anayewazuia wapokeaji wa timu pinzani. Hakuna video ambayo ingekuonyesha mapatano hayo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni muwe na karatasi mbili, moja ya ubora na nyingine ya utabiri, na kila moja ihukumiwe kwa kipimo chake.

Katika karatasi ya ubora, mimi natanguliza video bila kusita, lakini inategemea unaitazama vipi. Kamera ya televisheni hufuata mpira, na mtu anayefuata mpira hatamwona kamwe mlinzi wa mstari akifanya kazi yake. Wasaka vipaji wa timu hutumia picha zinazopigwa kutoka juu, ambazo huwaonyesha wachezaji wote 22 kwa pamoja. Sisi tulio na bando la kuhesabu tunaweza kujisaidia kwa kumchagua mchezaji mmoja, kuusahau mpira kabisa, na kurudia mchezo uleule mara nne au tano.

Mchukue mlinzi wa ukingo wa kushoto, yule anayelinda mgongo wa kwotabeki anayetumia mkono wa kulia. Kazi yake yote huamuliwa ndani ya sekunde tatu. Mpira unapoanzishwa, tazama mguu wake wa nje: je, unarudi nyuma kwa hatua fupi na ya haraka, au anageuza kiuno mapema na kumfungulia mpinzani mlango? Tazama magoti: je, yamekunjika, au anainama kutoka kiunoni kama mtu anayeokota kitu chini? Kisha tazama viganja. Mlinzi mzuri huvipeleka kifuani mwa mpinzani, viwiko vikiwa karibu na mbavu, na akipigwa mkono hurudisha viganja mahali pake kabla hajayumba. Mlinzi dhaifu akipigwa mkono huanza kukumbatia, na hapo ndipo mwamuzi hutupa kitambaa cha njano kuashiria kosa. Nimefundisha mafowadi wa skramu katika shule za hapa Kakamega kwa miaka mingi, na nawahakikishia kwamba kijana anayesukuma kwa magoti hujulikana katika skramu ya kwanza, hata kama hajawahi kugusa mpira mechi nzima.

Jambo jingine ni kuepuka vile vipande vya dakika tatu vinavyosambazwa mitandaoni, kwa kuwa vimekatwa na mashabiki ili tumwone kijana siku alipong'aa. Tafuta mechi nne kamili, na katika hizo iwemo moja ambayo timu yake ilifungwa na moja dhidi ya mpinzani mkali zaidi aliyekutana naye msimu huo. Mimi huandika alama yangu baada ya mechi ya nne tu, kwa sababu nikiandika baada ya ya kwanza hujikuta nikitafuta ushahidi wa kujitetea katika tatu zinazobaki.

Kuhusu kulinganisha nafasi tofauti, kumbuka kwamba tangu makubaliano ya mwaka 2011 malipo ya mchezaji mpya hufuata namba aliyochaguliwa wala si nafasi anayocheza. Chaguo la sita hulipwa kama chaguo la sita, awe mkimbiaji wa kubeba mpira au kwotabeki. Lakini miaka minne baadaye, timu inapolazimika kumlipa kwa bei ya soko, kwotabeki mzuri hugharimu mara kadhaa ya mkimbiaji mzuri. Ndiyo maana timu hujaribu kuzipata nafasi za gharama kupitia uteuzi: kwotabeki, mlinzi wa ukingo, mwindaji wa kwotabeki, mpokeaji na mlinzi wa pembeni. Kwangu mimi, wachezaji wawili wakilingana alama, yule wa nafasi adimu hukaa juu. Wasipolingana, siruhusu nafasi impandishe aliye dhaifu.

Mwalimu wa Hisabati (Nakuru)

Nakubaliana na Mzee Fowadi kuhusu karatasi mbili, ila naona rafiki yenu mwenye saa amehukumiwa haraka mno. Mbio za yadi 40, ambazo ni kama mita 36 na nusu, zina habari muhimu ndani yake. Kosa ni kusoma namba hiyo ikiwa peke yake.

Tuanze na mfano unaomkosoa. Mwaka 2017 mpokeaji John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22 kule Indianapolis, ambako majaribio ya pamoja ya chipukizi hufanyika, na muda huo ulidumu kama rekodi hadi mwaka 2024, Xavier Worthy alipokimbia kwa 4.21. Cincinnati Bengals walimchukua Ross katika chaguo la tisa, lakini hakuwahi kufikia matumaini hayo. Katika uteuzi uleule, Cooper Kupp wa chuo cha Eastern Washington, aliyekimbia kwa 4.62, alisubiri hadi chaguo la 69. Msimu wa 2021 Kupp aliongoza ligi nzima kwa idadi ya mipira aliyodaka, kwa yadi na kwa miguso (mara alizofunga), kisha akatajwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi. Kinachowatenganisha wawili hao hakionekani kwenye mstari ulionyooka. Mpokeaji mara chache hukimbia yadi 40 bila kuguswa. Anakimbia kumi au kumi na mbili, anavunja mwendo, anageuka, na mpira unamkuta hewani. Sisi wa Nakuru tumeyaona hayo kila mwaka katika Prinsloo Sevens: winga mwenye kasi kuliko wote mara nyingine hutolewa nje ya mstari kwa urahisi, kwa sababu hajui kupunguza mwendo ili amkwepe mtu.

Sasa mfano unaomtetea. Mwaka 2014 Aaron Donald alionekana mfupi kwa mlinzi wa katikati katika safu ya kuzuia, na wachezaji 12 wakachaguliwa kabla yake. Lakini alikimbia yadi hizo 40 kwa sekunde 4.68 akiwa na uzito wa ratili 285, yaani kilo 129 hivi. Kwa mtu wa uzito huo, namba ile ilikuwa ikisema jambo zito, na baadaye akashinda tuzo ya mlinzi bora wa ligi mara tatu. Kwa hiyo saa isomwe pamoja na mizani. Sekunde 4.5 kwa mlinzi wa pembeni mwenye kilo 82 ni jambo la kawaida, na sekunde hizohizo kwa mwindaji wa kwotabeki mwenye kilo 120 ni sababu ya kurudi kwenye video na kuuliza kwa nini hukuiona kasi hiyo mara ya kwanza. Mimi hufanya hivyo hasa: naandika alama za video kwanza, kisha natafuta pale namba zinapopingana na alama zangu, na ni wachezaji hao tu ninaorudi kuwatazama.

Kuna jambo jingine ambalo kundi lenu linapaswa kulijua, kwani linaweza kukupunguzia huzuni. Wanauchumi Cade Massey na Richard Thaler walichunguza chaguzi za miaka mingi na kuonyesha kwamba, ukichukua wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa mmoja baada ya mwingine, uwezekano wa yule wa kwanza kuwa bora kuliko wa pili unazidi nusu kwa kiasi kidogo tu. Hao ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wenye vitabu vizima vya taarifa kuhusu kila kijana. Ikiwa wao hawawezi kutofautisha wa 17 na wa 18, nasi tusijidanganye kwamba tunaweza. Pangeni wachezaji kwa matabaka. Tabaka la kwanza liwe la wale ambao mngewachukua katika mwaka wowote ule, na huenda wakawa watatu tu. La pili liwe la wanaotarajiwa kuanza mechi tangu msimu wa kwanza. La tatu liwe la wenye kitu kimoja kikubwa na kasoro moja iliyo wazi. Ndani ya tabaka msigombanie namba, na mahitaji ya timu ndiyo yaamue. Hapo hata yule mwenzenu wa kujaza viti anapata kazi yake halali.

Tabibu wa Viungo (Bungoma)

Naongeza dogo tu, kwa kuwa nyote mmelipita. Yale majaribio ya Indianapolis tunayatazama kwa ajili ya mbio, lakini timu huenda pale kwanza kwa ajili ya madaktari wao. Kila goti na kila bega hupimwa, na majibu hayo sisi hatuyapati. Rob Gronkowski alikosa msimu mzima wa 2009 chuoni kwa sababu ya mgongo, akaanguka hadi chaguo la 42 mwaka 2010, kisha akashinda Super Bowl nne. Wapo wengine walioanguka kwa sababu kama hiyo na hawakuinuka tena.

Kwa hiyo kijana mwenye historia ya jeraha kubwa msimshushe kwenye karatasi ya ubora, kwa sababu hamna picha zake za hospitali. Mshusheni kwenye ile ya utabiri, na mwandike sababu pembeni. Nikiwa kazini namwona mchezaji wa raga aliyeshonwa goti akirudi uwanjani baada ya miezi tisa akiwa na nguvu zote za paja, lakini hataki kuukanyagia mguu ule anapogeuka. Mtazameni chipukizi wa aina hiyo anapogeukia upande wa goti lililoumia. Hilo video hulionyesha vizuri, na halihitaji daktari.

Mwanaraga wa Mamboleo (Kisumu)

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jana usiku nilikaa na orodha yangu ya 2025 na kuivunja katika matabaka kama Mwalimu alivyoelekeza. Nimegundua jambo linalonipa moyo: Cam Ward, Travis Hunter na Abdul Carter, ambao walichaguliwa wa kwanza, wa pili na wa tatu, wote walikuwa katika tabaka langu la kwanza, ingawa sikuwapanga kwa mfuatano huo. Sanders nimemweka katika tabaka la tatu baada ya kurudia mechi mbili alizofungwa, kwa sababu niliona kile ambacho mapenzi yalinificha: anapobanwa hurudi nyuma na kuzunguka badala ya kusogea mbele ndani ya ngome ya walinzi wake, na yadi zinapotea. Nilikuwa nimekiita kitu hicho utulivu.

Limebaki swali moja. Wapo vijana wanaotoka vyuo vidogo, ambao wapinzani wao ni dhaifu, na wapo wale wanaotoka michezo mingine kabisa. Hawa nao wapimwe vipi? Nauliza kwa sababu katika kundi letu hatujawahi kumsahau Daniel Adongo, na kila mwaka mmoja wetu hutaka kumpandisha kijana asiyejulikana kwa kumkumbuka yeye.

Fowadi Mstaafu (Kakamega)

Umenigusa kwa kumtaja Adongo. Alikuwa mwanaraga mtupu, aliyecheza Afrika Kusini na New Zealand, hajawahi kucheza kandanda ya Kimarekani chuoni wala popote, na Indianapolis Colts wakamsajili mwaka 2013 nje ya uteuzi. Desemba ya mwaka huo akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Nakumbuka tulivyoipokea habari ile hapa kwetu. Lakini tuseme ukweli: mwili wake ulikuwa tayari, na muda wa kujifunza nafasi mpya haukutosha, kisha majeraha yakamwandama.

Mlinganishe na Jordan Mailata, kijana wa raga ya ligi (ile ya wachezaji 13) kutoka Australia, ambaye Philadelphia Eagles walimchukua mwaka 2018 katika raundi ya saba, chaguo la 233, naye pia akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu. Hakucheza mechi yoyote ya ligi msimu wake wa kwanza. Alikaa na kocha wa mstari akifundishwa ile hatua ya mguu wa nje niliyoieleza juu, na alipoanza kupangwa mwaka 2020 hakuondoka tena. Leo ana pete ya Super Bowl. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo huwezi kumpima bila kujua ni nani atamfundisha na atavumiliwa kwa muda gani. Mwekeni nje ya matabaka, katika ukurasa wake, na mwandike jina la timu iliyomchukua kabla hamjaandika alama.

Kwa wa vyuo vidogo, mimi sihesabu yadi wala miguso, kwa kuwa hizo hunenepeshwa na wapinzani. Natazama tu mambo ambayo mpinzani hawezi kuyabadilisha: jinsi mpokeaji anavyovunja mwendo, jinsi mikono yake inavyoufuata mpira badala ya kuungoja kifuani, na jinsi anavyocheza mpira unapokwenda kwa mwingine. Kupp alikuwa akifanya yote matatu akiwa Eastern Washington. Halafu natafuta ile mechi moja au mbili kwa msimu ambapo chuo chake kilikwenda kukutana na chuo kikubwa. Akipotea siku hiyo nampunguzia tabaka moja. Akionekana yuleyule, nampa alama yake kamili.

Mwanaraga wa Mamboleo (Kisumu)

Nimewasomea wenzangu majibu haya yote jioni ya leo, na tumekubaliana. Karatasi ya utabiri itasahihishwa palepale alfajiri kama zamani, ila tutaangalia raundi ya kwanza pekee. Karatasi ya ubora itatiwa katika bahasha na kubaki kwa mwenyeji, na haitafunguliwa hadi wachezaji wawe wamecheza misimu mitatu. Zile za 2025 tumezikusanya leo na kuzifunga kama zilivyokuwa usiku ule, bila kusahihisha neno, yangu ikiwemo, Sanders akiwa bado wa tano. Tutazifungua Aprili 2028. Mwenzetu wa saa ameomba kila jina liandikiwe uzito kando ya muda wa mbio, na hakuna aliyempinga.